Jua Lililohamishwa kwa Ajili ya Mzee

Saa mbili asubuhi, wenzake wanakunywa chai. Yeye ameshika yai la kuchemsha chini ya taa ya mezani, analigeuza polepole na kuangalia kivuli kinavyohama.

"Dada, hilo unakula au unalifanyia kazi?" anamtania mhariri wa filamu, anayekaa naye chumba kimoja juu ya duka la vipuri.

"Vyote viwili. Subiri nimalize."

Hapa wanamwita Kivuli. Jua wengi wetu tunalipata bure. Yeye analitolea jasho. Waigizaji hurekodiwa ghalani, mbele ya kitambaa cha kijani. Baadaye kitambaa hufutwa, na mahali pake huwekwa mlima au mji uliotengenezwa kwa kompyuta. Kazi ya Kivuli ni kuhakikisha mwanga wa mahali hapo pa kubuni unalingana na ule uliompiga mwigizaji. Usipolingana, mtu anaonekana kama amebandikwa kwa gundi.

Wiki hii kazi imemnyima raha. Kwenye skrini, mzee anavuka jangwa kwa miguu. Mwigizaji huyo alifariki dunia mara tu baada ya kurekodi, na hicho ndicho kipande chake cha mwisho. Mwongozaji ameshasema: jua likimkataa mzee, kipande kinatolewa. Mjane wa mzee amealikwa kukitazama mchana huu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema Kivuli. "Mwingine ningemwita asimame tena. Huyu nimwite wapi?"

Matatizo yalianzia ghalani. Kwa kawaida, mwigizaji akishaondoka, mpira wa kijivu huwekwa pale aliposimama nao urekodiwe, ili Kivuli ajue taa zilikuwa upande gani. Siku hiyo walisahau. Hadithi ya filamu inasema ni jioni, basi akaliweka jua chini, upande wa kulia. Mzee akawa anaelea juu ya mchanga.

Akaikuza picha mpaka akafika kwenye mboni ya jicho. Mle ndani taa ilikuwa imebaki, kinukta cheupe, juu kushoto. Akachukua yai, akalimulika kutoka upande huo, akaona kivuli kile kile kilichokuwa shavuni mwa mzee.

"Nikamwambia mwongozaji, mzee hageuki tena, basi jua ndilo lihame. Jioni yake ikawa saa tano asubuhi. Alinuna, akasema ataamua akiona."

Kilichobaki ni ukijani ambao kitambaa kilimwachia mzee kwenye ndevu. Anaufuta taratibu, haraka haraka haina baraka. Filamu ijayo ameomba awepo ghalani mwenyewe, na mpira wake mkononi.

"Na yai," anasema, "maana watu hawa nawajua."

Mchana mjane anaingia. Wanamwamkia, wanampa kiti cha mbele. Kivuli anasimama mlangoni, roho mkononi.

Kipande kinaisha. Mama anafuta machozi, kisha anawageukia kwa hasira.

"Mlimpeleka kwenye jua kali namna ile, na presha yake ile? Hata kofia hamkumpa?"

Mwongozaji anamtazama Kivuli, halafu anamnong'oneza mhariri: kipande kinabaki.

Kivuli anasogea, anachuchumaa mbele ya mama na kumshika mikono.

"Utusamehe, mama," anasema. "Hatukumweka juani sana."