Ufunguo wa Rondo

Mimi ni fundi wa mtandao, Lindi mjini, na nina mdomo. Mama aliniambia mapema kwamba hasira zangu hufika mahali kabla yangu, nami nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki.

Kazi yetu mwaka ule ilikuwa kuurefusha mtandao kutoka Lindi kwenda bara. Ruta kubwa ilibaki hapa mjini, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na huko mbali tukaweka swichi ndogo, moja Mtama na moja Rondo. Swichi hizo hazijiamulii kitu. Mlango upi wa mtandao ufunguliwe na upi ufungwe, yote huamuliwa na ruta, na ruta huamriwa na mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Aliyeko Rondo hana la kufanya zaidi ya kufunga chumba panya wasiingie.

Swichi ya Rondo tuliiweka kwenye chumba cha uani cha mzee mmoja, mkulima wa korosho, kwa sababu nyumba yake inapakana na zahanati. Alikabidhiwa ufunguo mbele ya mtendaji wa kijiji. Aliufunga kwenye kitambaa akauvaa shingoni, na kila nilipompigia simu alinieleza habari za taa kama anayenipa hali za wajukuu. "Za kijani mbili, mwanangu, na ya tatu inapepesa." Wenzake walimtania kwamba siku hizi ni meneja, naye alifurahi kweli.

Asubuhi moja nilikuwa nasafisha mipangilio ya ruta, nafuta milango ya zamani ya Mtama ambayo haikuwa na kazi tena. Mkuu wangu alisimama nyuma yangu, nami nilitaka aone nilivyo mwepesi. Ghafla Rondo ikawa nyekundu kwenye kioo cha kompyuta. Haikupita dakika, muuguzi wa zahanati akapiga simu: mtandao hakuna, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi.

Nikampigia mzee. Sikusema shikamoo.

"Umechomoa waya, wewe?"

"Marahaba, mwanangu," akasema, kana kwamba nimemwamkia. "Sijachomoa kitu. Taa zinawaka."

"Haziwezi kuwaka! Umechomoa ukachaji simu, sasa unanidanganya."

Nilisema kwa sauti ili mkuu asikie. Akasikia, akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba mtunza ufunguo wa Rondo kachezea mtambo. Mtendaji wa kijiji yumo kwenye kundi hilo.

Sasa niseme jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hii analijua. Swichi zile zikikatiwa umeme hutuma taarifa moja fupi kabla ya kuzimika, ili sisi wa mjini tujue kuwa tatizo ni umeme. Siku ile haikuja taarifa yoyote. Niliona kwamba haipo, nikapita, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kugomba.

Mkuu alipokwenda kuswali adhuhuri nilifungua kumbukumbu za ruta. Jina langu lilikuwa pale, saa ilikuwa pale, na amri yangu ilikuwa pale: nilifuta mlango wa Rondo badala ya ule wa Mtama. Taa za mzee zilikuwa zinawaka kweli. Nikaurudisha mlango kwa mistari miwili ya amri. Mkuu aliporudi nikamwambia, "Imerudi." Akasema, "Kumbe mzee kaogopa, kachomeka." Nikacheka naye.

Wiki iliyofuata tukapanda Rondo kupitia Mtama, maana mtendaji alitaka suala la ufunguo limalizwe. Tulikaa barazani kwa mzee, mimi na kompyuta yangu mapajani. Mzee akasema hatabishana na mtoto, atakula yamini. Akaenda kutawadha, akarudi miguu ikichuruzika maji, na mwalimu wa madrasa akamshikisha msahafu. Kwetu watu hawaushiki hivyo kwa mchezo. Kuna wanaoona heri waitwe wezi kuliko kuapa.

"Wallahi, waya ule sikuugusa," akasema.

Ningeweza kusema kabla hajaenda kutawadha. Ningeweza kusema alipokuwa anarudi, au hata baada ya kuapa. Nilitazama ndala zangu. Naona aibu zaidi kuandika haya kuliko nilivyoona siku ile.

Nilijipa moyo kwamba yamini ingeyamaliza. Lakini mtu akishaapa na kuaminiwa, watu huuliza: basi nani? Mtendaji akageuza shingo, na baraza zima likageuka pamoja naye kumtazama mke wa mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye anayefagia kile chumba.

Hakuna aliyemwambia aape. Mzee alitaka kusema neno, mkewe akamzuia kwa kiganja. Akamvua kile kitambaa shingoni, taratibu, akaja nacho mpaka nilipokaa na kupiga magoti mbele yangu, mwanamke wa umri wa bibi yangu.

"Mwanangu, huenda ni ufagio wangu. Mimi sikuona, lakini huenda. Nisamehe, ila mzee wangu asionekane mwongo."

Wote wakanisubiri. Kompyuta ilikuwa palepale mapajani, na kumbukumbu zile zimo ndani.

"Nimekusamehe, bibi," nikasema, nikaupokea ufunguo.