Tulipomtafuta Mzungu Wetu Kortini

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, kwa nyanya kule Rukanga, mjomba Mwadime aliposukuma kando sahani ya kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, na kuagiza achemshiwe viazi visivyo na chumvi. Damu ya Kizungu, alisema, haipatani na mihogo. Mama alimtazama kaka yake, akamtazama nyanya, kisha akaivuta ile sahani akaila mwenyewe.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu nasikia nawe umeanza kuulizia habari za yule Mzungu wetu. Sikulaumu. Kuuliza si ujinga. Lakini kaa kwanza, unywe chai, nikwambie sisi tulivyomtafuta.

Ilijulikana kwamba baba yao mama na mjomba alikuwa Mzungu mwenye shamba la mkonge chini ya mlima Kasigau, jirani na nyanya Wakio. Watu walimwita Bwana Haboto. Aliondoka kwenda Mombasa kung'olewa jino, mjomba akiwa bado ananyonya, na hakurudi tena. Nyanya akiulizwa habari zake alijibu, "Alikuwa mrefu." Ukimbana aliongeza, "Mrefu sana."

Basi mengine mjomba akajitungia. Kila mwaka shamba la Haboto lilipanuka. Mwaka mmoja lilifika Miasenyi kwenye reli, ikawa hata treni inapita kwetu bila ruhusa. Akashona suti ya sufu, akaivaa katika jua hili letu. Mimi nami nilikuwa nimemaliza shule, Kiingereza kinaniwasha mdomoni, nikawa natembea na mwavuli hata siku zisizo na mvua, ambazo huku kwetu ndizo karibu zote.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu, lakini mjomba akapata mnunuzi wa shamba la nyanya, lile lile lililokuwa likitulisha. Alitaka kuliuza ili aweke wakili wa kudai mkonge wa baba yake.

"Mama," alisema, "kishamba hiki ni mawe matupu. Mimi nakutafutia ekari ambazo macho hayamalizi."

Nyanya alikuwa anachambua mbaazi. Hakuinua kichwa. "Kamtafute baba yako kwanza," akasema. "Ukishamwona, rudi tuongee."

Mjomba akanichukua mimi niwe macho yake, maana karatasi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza na yeye shule aliiona kwa mbali. Tukaanzia Wundanyi, ofisi ya ardhi. Karani akatafuta Haboto, hakuna. Akajaribu majina yanayofanana nalo, mpaka akampata. Mzungu wetu alipewa ardhi kwa sharti aiendeleze. Alipanda miche, tembo wakaing'oa. Akapanda mingine, wakamshukuru. Akaandika barua kuiomba serikali iwahamishe tembo. Serikali haikuwahamisha tembo, ikamnyang'anya ardhi.

"Kesi haiamuliwi na tembo," mjomba akasema. Alikuwa amemsikia karani akitaja kesi, na kwamba karatasi zake ziko Mombasa. Uso ukamng'aa. "Unaona? Baba aliishtaki serikali."

Tukapanda treni hadi Mombasa. Pale masjala ya korti tulimkuta karani mzee wa Kiswahili, mwenye kofia nyeupe na adabu nyingi. Akatuletea faili, akatupangusia vumbi, akatupa benchi. Mjomba akakaa wima ndani ya suti yake, jasho linamtiririka, nami nikaanza kumtafsiria.

"Mshtakiwa," nikasoma, "aliyasogeza mawe ya mpaka, akamega sehemu ya shamba la jirani yake."

"Mshtakiwa ni nani?"

"Ni babu."

"Soma vizuri."

Nikasoma vizuri. Alikuwa bado ni babu.

"Na huyo jirani?"

"Wakio, mwanamke wa Rukanga."

Karani aliacha kugonga mihuri. "Huyo Wakio mwamjua?" akauliza kwa upole.

"Ni mama yangu," mjomba akajibu.

"Basi hongera, bwana. Mama yako kashinda kesi."

Naam, alishinda. Hakimu alimwamuru Haboto ayarudishe mawe kwa mikono yake mwenyewe, Wakio akiwa amesimama pale kushuhudia. Mjomba akavua koti. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona bila koti tangu lishonwe.

Tuliporudi, nyanya alikuwa shambani.

"Mmemwona?"

"Tumemwona," mjomba akasema. "Alikuwa mwizi."

Nyanya akacheka mpaka akashikilia jembe. "Mwizi alikuwa kabla ya kesi. Baada ya kesi alikuwa mbeba mawe. Jua lilikuwa kali, nikampa maji. Mawe yenyewe machache, angemaliza kabla ya adhuhuri. Lakini alirudisha moja, akasema mengine kesho. Kesho yake akarudisha moja, akasema mgongo. Nikaona kazi hii haitaisha mpaka nimpikie."

"Mbona hukutuambia siku zote hizi?" nikauliza.

"Nyinyi mlikuwa mnatafuta shamba. Mimi ningewapa habari za mtu."

Kisha akaacha kucheka. Akamkazia mjomba macho. "Baba yako alikuwa na bunduki, na serikali ilikuwa ya kwao. Alilitaka shamba hili akalikosa, kwa sababu nilisimama kortini, msichana nisiyejua kusoma, nikasema langu ni langu. Leo mwanangu wa kumzaa anataka kulitoa kwa hiari. Niambie, mwizi ni yupi?"

Mimi nikafunga mwavuli polepole, kabla zamu yangu haijafika.

Mnunuzi alipokuja, mjomba alimkaribisha kimanga, wakala wote wawili, kisha akamwambia shamba haliuzwi. Majigambo hayakumwisha, mwanangu; mtu haponi kabisa. Ila tangu siku hiyo alijisifia mama yake aliyemshinda Mzungu kortini, na kila mwaka mawe yale yakazidi ukubwa, mpaka siku anakufa yalikuwa yanabebwa na ng'ombe.

Nasaha yangu ni hii. Nenda ofisini, nenda kortini, umtafute huyo babu yangu. Ni haki yako kumjua. Lakini ukifungua faili, usisome jina moja tu. Msome na aliyesimama upande wa pili, huenda ndiye aliyekulea. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kabla ya karatasi, waendee wazee walio hai. Usiwaulize walimiliki nini. Waulize waliishi vipi, kisha unyamaze wakujibu.

Mungu akufungulie milango unayobisha, akulinde na tamaa ya usichokipanda, akupe uzee wenye watu wa kuuliza na subira ya kuwajibu. Amina, mwanangu. Nenda kwa amani.