Panya Mwenye Kilemba cha Mama Koku

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya rangi. Nilikuwa kijana, mchoraji wa mabango pale mtaani Igogo, kando ya ziwa, miaka ile maduka ya watu binafsi yalipokuwa yakifunguliwa kila kona. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuiga maandishi ya makopo, na herufi moja ikipinda nilikosa raha siku nzima.

Wakaja vijana watatu wa kikundi fulani. Waliniita "msanii", na sikuwahi kuitwa hivyo. Walitaka bango la sokoni: panya mkubwa anakula samaki wetu, na chini yake maneno "Tusafishe soko".

"Wageni waliojazana sokoni watajijua wenyewe," mmoja alisema akicheka.

Nakiri, sikuuliza watasafisha vipi. Nilihofia jambo moja tu, panya asitoke vibaya. Na kweli alinishinda. Nikampa macho ya mtu, nikamfunga kilemba cha kitenge, fundo upande wa kushoto. Hapo akawa hai! Nikalianika bango nje.

Akapita Mama Koku na beseni lake la mapanki, ile mifupa ya sangara ya kukaanga. Alikuja zamani kutoka Kagera, na nilipougua ndiye aliyenipikia uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alilitazama bango, akagusa fundo la kilemba chake, upande wa kushoto. "Umenichora sawasawa, baba. Ila mkia huo nimeuota lini?"

Nikautazama ule mkia, kisha kilemba chake.

"Sasa wakija kusafisha," akauliza taratibu, "nitoke mwenyewe au wanibebe?"

Nilichukua rangi nyeupe nikafuta yote mbele yake. Vijana waliporudi wakaniita kibaraka wa wageni. Lakini sikuwachorea tena. Kwenye ubao uleule niliandika "Mapanki ya Mama Koku". Herufi zilipinda, nikaziacha. Ubao ule ulikaa sokoni mpaka Mama Koku alipozeeka na kumwachia bintiye meza yake ya kuuzia.

Mwanangu, wenye chuki watakusifu kwanza. Watakupa neno safi la kusema, kisha picha ya mnyama, ili usimwone jirani yako ndani yake. Ukiletewa picha hiyo, uliza: huyu anaitwa nani, anakaa wapi, alimlisha nani? Na kama umeshaichora, bado unaweza kuifuta. Mungu akupe macho ya kumtambua mtu, na mikono isiyoona haya kuanza upya.