Mwavuli wa Evaristo

Nélida Bracamonte hakuzaliwa na hasira. Aliipata kazini. Miaka nenda miaka rudi, katika chuo kikuu pale Rosario, Argentina, alitafiti vipimo vya tabia, vile ambavyo wanasaikolojia huwapa watu ili wajue nani timamu, nani mgonjwa, nani wa kuaminiwa. Kimoja kilimtoa povu kuliko vyote. Unapewa karatasi nyeupe na penseli, unaambiwa uchore mtu kwenye mvua. Mvua ni shida za dunia, mwavuli ni kinga yako, na asiyechora mwavuli kaumbuka. Nélida alilinganisha michoro ya wagonjwa na ya wenye afya, ya walevi na ya mapadri, akaona haina tofauti yoyote. Akachapisha. Akasimama mikutanoni akafoka mpaka sauti ikakauka. Wenzake walimpigia makofi, kesho yake wakarudi maofisini kugawa karatasi na penseli.

Sasa upuuzi huo ukamfikia nyumbani. Shemeji yake Evaristo, mume wa marehemu dada yake, aliyeachiwa watoto, aliomba kazi ya kuendesha gari la wagonjwa kwenye zahanati moja. Alikuwa hana kazi tangu kiwanda cha friji kifungwe. Akapewa penseli. Evaristo ni mtu wa mkoa wa Santiago del Estero, kwenye ukame, ambako mvua ikianguka watu hutoka nje kulowa kwa raha zao. Akachora mtu aliyevua kofia, uso juu, mdomo wazi. Jibu likarudi: hana kinga, hujitupa hatarini, hafai.

Nélida alimfuata mpimaji, Mirta Zanabria, aliyesoma naye darasa moja.

"Umemnyima mtu kazi kwa sababu ya mwavuli?"

"Kaa kwanza, dada, nikutilie chai ya yerba mate."

"Sinywi. Nijibu."

"Mtu ananyeshewa, anakenua! Wewe ungempa mgonjwa wako amwendeshe?"

"Kwao mvua ni sherehe, Mirta! Ulimuuliza?"

"Kipimo hakina mahali pa kuuliza."

Nélida alipiga meza, maji ya moto yakamwagika. Mirta akachukua kitambaa akafuta, taratibu, bila kuinua macho.

"Wewe una makala zako," alisema. "Mimi nina bosi, na bosi anataka mwavuli. Mlete Ijumaa nimpime upya. Zaidi ya hapo usiniombe."

Jioni, jikoni kwa Evaristo, Nélida bado alikuwa anafoka. "Hatuendi Ijumaa. Tunakata rufaa. Nitawaanika mbele ya nchi nzima!"

"Rufaa inachukua muda gani, shemeji?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Na watoto wa dada yako wale nini miaka miwili? Makala?"

Ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Alimchukia Mirta, akaichukia zahanati, akajichukia hata yeye mwenyewe. Kisha akavuta karatasi.

"Shika penseli. Chora ardhi kwanza, asije akaelea. Mvishe viatu. Mwavuli wa kiasi, ukiwa mkubwa watasema una woga. Mawingu mawili, yanatosha. Na usifutefute!"

"Mdomo je?"

"Ufunge."

"Asicheke hata kidogo? Maskini weee!"

"Kidogo. Kama mtu anayekwenda benki."

Evaristo alichora, akachana, akachora tena, huku akimtania kwamba profesa mzima amegeuka mwalimu wa chekechea. Nélida alimsahihisha mstari kwa mstari mpaka mkono wake ukazoea.

Wiki iliyofuata Evaristo alikuja mbio na barua ya kazi. Nyuma ya barua ilibandikwa taarifa ya Mirta, akamwomba Nélida amsomee. Nélida akasoma kwa sauti: "Mtulivu, ana kinga ya kutosha. Mtu mkweli, asiyejua kuigiza. Mchoro unatoka moyoni mwake."

Evaristo alicheka mpaka akakaa chini. Nélida hakucheka. Kila mstari uliosifiwa pale ulikuwa wake yeye. Maisha yake yote ya utafiti hakuwahi kupata ushahidi mkubwa kama ule, na sasa ameushika mkononi.

"Nipe, shemeji," Evaristo alisema akifuta machozi. "Wanaitaka kabla hawajanipa funguo."

Nélida aliisoma tena karatasi ile, ambayo asingeweza kuichapisha bila kumponza. Halafu akampa.