Kadhi Aliyelala kwenye Sadri ya Majlis Yangu

Akitokea mtu hapa Ibra, Omani, akakwambia ana picha za Kiingereza za zamani kuliko zangu, mwambie azilete tuzitazame. Hatozileta. Mimi ninazo thelathini na kitu, zimechapwa kwa mabamba ya shaba na watu waliokufa kabla babu yake babu yangu hajavuka bahari kwenda bara, na kila moja nimeitia fremu kwa mikono yangu hii. Skuli niliishia darasa la nne, Tabora. Kiingereza changu ni cha karakana: kioo, skrubu, sentimita, kesho. Lakini nipe karatasi nifumbe macho, nikipitisha kidole pembeni nitakwambia kama ni ya kweli au ya kudurufu. Bamba la shaba likigandamizwa huacha bonde dogo kuzunguka picha, na bonde hilo mashine za leo haziliwezi. Hayo sikufundishwa na mtu.

Zinasema nini, hilo ndilo nililofundishwa, na aliyenifundisha namwombea dua mpaka leo.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Muhandisi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Sur aliniletea picha sita nizitie fremu mpya. Mkataba wake ulipokwisha akaniachia zote, akasema hajaona mtu mwingine akizitazama kwa muda mrefu namna ile. Kweli nilizitazama. Wanaume wana matumbo kama magunia ya tende na pua nyekundu, wanawake nywele zimepanda kama minara. Nikawaza, maskini, kumbe Waingereza wa zamani sura zao zilikuwa mbaya hivi, lakini wakubwa wao hawakuona haya kuchorwa. Nikawaheshimu kwa hilo. Nikaanza kununua nyingine kwa Waingereza waliokuwa wakifunga nyumba zao Maskati, na moja niliikuta Nizwa, kwa muuza vitu vya kale karibu na soko la mbuzi, imebanwa nyuma ya kioo cha kujitazamia.

Hiyo ya Nizwa niliipenda kuliko zote. Mzee mnene, joho jekundu, nywele nyeupe zimemshuka mpaka kifuani, macho ameyafumba. Mbele yake pana mizani, na kwenye sahani moja ya mizani amekaa panya. Nikasema huyu ni mtu wa Mungu, yumo kwenye dhikri, hata viumbe vidogo havimwogopi. Nikaitundika kwenye majlis, chumba changu cha wageni, pale sadri, mbele anapoketishwa mgeni mkubwa, nikaifunga ukutani kwa skrubu nne. Kila mgeni aliyekuja nikamsimulia utawa wa yule mzee. Watu walikunywa kahawa yangu wakatikisa vichwa.

Baada ya miaka miwili, binti yangu mkubwa akamaliza chuo, na kijana wa Nizwa aliyesoma naye akataka kuja kumposa. Kijana nilishamchunguza, hana kasoro. Aliyenitia jasho ni baba yake. Alikuwa kadhi mstaafu, mzaliwa wa Unguja, mtu aliyesifika kwamba hakupata kunywa hata kikombe cha kahawa cha mtu mwenye kesi. Mimi nilikuwa na karakana mbili, nyumba ya ghorofa na gari tatu, lakini mbele ya mtu kama yule ni fundi vioo aliyetoka bara. Binti yangu wiki nzima chakula anakigusa tu. Nikajua huyu kijana anamtaka, na kadhi akikataa, nyumba yangu itakuwa matanga.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, binti aliingia majlis kuweka sinia ya halua. Majlis ni ya wanaume, yeye hupita mbio kuweka vitu na kutoka, kwa hivyo hajapata kusimama mbele ya picha ile akasoma maneno yake ya chini. Siku hiyo alisimama.

"Baba, hii ndiyo atakayoketi chini yake?"

Nikamwambia ndiyo, kwa heshima ya mkwe.

"Baba, huyu ni kadhi. Kalala kazini. Zile si nywele zake, za kuvaa, makadhi wao ndivyo wanavyovaa. Na panya anakula haki za watu." Akazitupia macho na zile nyingine ukutani. "Zote hizi ni stihizai. Wamechorwa wachekwe."

Nilichukua bisibisi. Skrubu mbili zikatoka, ya tatu ikaliwa kichwa, bisibisi ikawa inateleza tu, na nje nikasikia milango ya gari ikifungwa. Mke wangu akaja mbio, akavua kanga ya begani akaitupia juu ya fremu, wakakimbilia ndani wote wawili.

Kadhi akaingia na mwanawe na ndugu zake wawili. Nikamwamkia shikamoo, nikamketisha sadri, maana pengine pa kumweka sina. Kahawa ikapita. Akageuza shingo.

"Ukuta wako una baridi, bwana?"

Nikasema ni picha tu, sheikh.

"Ikiwa ni picha ya mtu, usijisumbue. Hata mimi nina televisheni. Ifunue."

Nilikuwa na uwongo wa namna tatu tayari, na mimi uwongo wangu huwa mzuri. Nikamtazama yule kijana, kainamia zulia kama yeye ndiye mwenye kesi. Nikaivuta kanga.

"Sheikh wangu, mimi sikusoma. Nilidhani ni mzee wa heshima, nikamweka hapo kwa kumtukuza. Saa hii hii ndiyo nimeambiwa ni nini. Sikujua."

Alivaa miwani. Alikuwa amekisoma Kiingereza Unguja zamani, akasoma maneno yale taratibu, midomo ikicheza. Hakuna aliyegusa kikombe. Mwisho akasema, bila kugeuka:

"Alasiri za joto na mimi nimesinzia. Kama panya alikuwepo, aliyemwona ni mwenye kesi."

Kisha akaketi, akanitazama mimi.

"Miaka yote watu wamesimama mbele yangu wakisema sikujua. Nadra kulisikia likiwa la kweli. Binti wa nyumba hii tunamtaka. Lakini huyu mteremshe, aliyelala hakai sadri."

Kuanzia hapo akawa haji Ibra bila kuniuliza nimepata nini kipya. Yeye anasoma maneno, mimi nasoma karatasi. Picha niliyokuwa nikiiona ni ya bwana mkubwa amebeba mwanawe mgongoni, akanionyesha kuwa ni mkulima amebebeshwa mwenye shamba. Picha zangu zote nilizipata mara ya pili kwa mtu yule, na angeweza siku ile kunyanyuka tu akavaa viatu vyake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Siku ile tulinyanyua mikono kusoma Fatiha. Hatujafika katikati, nyuma ya mlango wa ndani vigelegele vikapasuka, mke wangu na wenzake hawakuweza kungoja. Kadhi akamaliza kusoma, akajipangusa uso, akasema katika kazi yake yote hajaona hukumu ikishangiliwa kabla haijasomwa.