Kidonda Alichokiosha Mama Mkwe

Daktari wa Lubumbashi alinichorea operesheni juu ya shingo yangu mwenyewe. Alitoa kalamu ya bic mfukoni, akaniambia nigeuze uso upande wa dirisha, akavuta mstari kutoka nyuma ya sikio la kushoto, akaushusha karibu na mfupa wa bega, akaukunja kuelekea kooni. Hapa tutafungua, alisema. Tutatoa tezi zote za upande huu, hata zile zinazoonekana nzima. Ukiamka utakuta mipira miwili myembamba inatoka shingoni na kuingia kwenye chupa, ya kuvuta damu na maji. Bega litakuwa zito. Sikio na sehemu ya shavu vitakufa ganzi, pengine kwa muda, pengine moja kwa moja. Na kwa kuwa ngozi yako imekwisha kuchomwa na mionzi, kidonda kitachelewa kufunga.

Yote aliyosema yalikuja kutokea. Ila aliyasema kwa maneno yaliyooshwa, na jambo lenyewe halikuwa limeoshwa. Hakuniambia kwamba nitajichukia. Labda hilo halifundishwi shuleni kwao.

Saratani ilikuwa imeanzia kooni, nyuma ya ulimi. Niliipeleka Lusaka, ng'ambo ya mpaka, nikachomwa mionzi kwa majuma mengi, na kule kooni ikaisha. Nilirudi kwetu Likasi nimekonda, mdomo umekauka, mate yamegeuka kuwa uzi mzito kama ute wa bamia ambao nilikuwa nauvuta kwa vidole darasani nikiwapa wanafunzi mgongo. Mimi ni mwalimu wa kemia. Lakini shingoni, upande wa kushoto, ulibaki uvimbe mgumu usiotaka kuyeyuka. Ndiyo sababu ya ile kalamu.

Nilipoamka baada ya operesheni sikuhisi maumivu makubwa. Nilihisi kwamba nimebandikwa shingo ya mtu mwingine. Nilipogusa sikio, kidole kilisikia sikio, sikio halikusikia kidole. Ile chupa ilikuwa imelala kando yangu kitandani, imejaa kitu cha rangi ya chai iliyokaa tangu jana, chenye vipande vyekundu vilivyoelea. Kila nikikohoa, kipande kimoja kilitembea ndani ya mpira, polepole, mbele ya macho yangu. Nilijaribu kutazama ukutani, lakini macho yalirudi kwenye mpira yenyewe.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinilinda hospitalini. Siku ya tatu au ya nne alinipikia uji mwembamba, akautia karanga za kutwanga ili nipate nguvu. Nikaumeza kwa taabu, nikalala. Nilipofungua macho, chupa ilikuwa nyeupe. Maziwa matupu yalikuwa yanatoka shingoni mwangu. Mdogo wangu aliitazama, akanitazama mimi, akatoka nje. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba kuna mshipa mwembamba sana chini ya shingo, upande ule wa kushoto, unaopitisha mafuta ya chakula kwenda kwenye damu. Wakati wa kukata ulikuwa umepasuka kidogo. Nilichokuwa nakiona ni zile karanga.

Wakanikataza mafuta, karanga, maziwa, nyama. Nilikula bukari, ugali wetu, laini, na mboga ya lengalenga ya kuchemsha kwa maji na chumvi, na kwa siku kadhaa kila nilipomeza tonge niliangalia chupa kwanza nione kama linatokea upande wa pili. Ule mshipa ulifunga wenyewe. Mipira ikatolewa. Muuguzi aliivuta, na nikasikia kitu kirefu kinateleza chini ya ngozi, kama mnyoo anayeondoka nyumbani kwake. Nikatapika juu ya mashuka yao.

Nikarudi nyumbani Likasi, mtaa wa Panda, kwenye zile nyumba za zamani za kambi ya wafanyakazi, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako. Mke wangu alikuwa na mimba changa, mimba yetu ya nne, tuliyokuwa hatuitegemei tena. Alinipokea vizuri. Alinisimika kwenye mito, akaanza kunibadilishia bandeji. Mara ya kwanza aliweza. Mara ya pili, alipofunua, alikimbilia uani na nikamsikia akitapika penye bomba. Ngozi ya chini ya sikio ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na harufu ilikuwa imekuja.

Likasi tumezaliwa ndani ya harufu. Upepo ukigeuka kutoka viwandani, koo linakuwasha na nguo zilizoanikwa zinanuka asidi, na hakuna anayeshangaa. Nilidhani pua yangu imekomaa. Lakini hii ilikuwa tamu kwa mbali, kama tunda lililosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na ilitoka kwangu. Niliisikia nikigeuka kitandani. Niliisikia ndani ya kikombe nikinywa maji. Mke wangu alihamia chumba cha watoto. Alilia, akaniomba msamaha, akisema ni mimba, si yeye. Nilimjibu kwamba naelewa. Nilielewa kweli, kwa sababu hata mimi ningehama kama ningejua pa kujiacha.

Basi akamwita mama yake.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasioishi kwetu. Mama mkwe ni mtu wa kuogopwa, si kwa ubaya, ila kwa heshima. Tangu nilipooa, mimi na mama huyu hatujawahi kula pamoja. Hatushikani mikono. Nikimwona anakuja barabarani, nashuka pembeni apite. Alipotutembelea aliketi ukumbini akinipa ubavu, akasalimia ukuta, nami nikaitikia nikitazama sakafu. Mwanamke mzima kuona kifua cha mkwe wake ni haya kwa koo zote mbili. Kwa hiyo alikuja kwa ajili ya jikoni na watoto. Chumbani kwangu hakukanyaga. Mtoto wetu mkubwa wa kike ndiye aliyeniletea sahani, huku amebana pumzi. Nilimwona mashavu yamevimba mpaka afike mlangoni.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuwa akija kunifunga kidonda, kisha akafiwa, akaenda mazishini Kambove. Nikakaa na bandeji ileile. Ilikuwa majira ya mvua, joto na nzi.

Siku moja asubuhi, mke wangu akiwa kazini na watoto shuleni, nilisikia kitu cha moto kinashuka kifuani. Nikashika shati: lilikuwa limelowa usaha mpaka tumboni. Kidonda kilikuwa kimefunguka chini ya sikio. Nikajikokota mpaka kwenye kioo, nikainua ukingo wa bandeji, na pale ndani, kwenye nyama, kitu cheupe kidogo kilijikunja, kikajinyoosha. Nilikuwa na funza. Mimi niliyesoma, mume wa mtu, baba wa watoto, nilikuwa nimeoza nikiwa nimesimama, kama panya nyuma ya kabati.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba nilikaa sakafuni, na pazia la mlango likafunguka, na mama mkwe akaingia.

Nilijifunika kwa shuka. Nikamwomba atoke, amwite jirani, amwite mwanamume yeyote. Alisimama, kitambaa kimefungwa puani, akanitazama usoni. Katika miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza kunitazama, na nikagundua kwamba sikuwa nikijua rangi ya macho yake.

“Baba,” alisema, “kama uko nasikia haya, funga macho. Miye siwezi kufunga yangu, nitaona wapi?”

Nikafunga macho. Nikamsikia anatoka, anachemsha maji, anatafuta chumvi. Alirudi, akanivua shati kwa kulikata na mkasi wa jikoni. Asije mtu akadhani kwamba hakuwa na kinyaa. Alikuwa nacho kama mtu yeyote. Mara mbili aliacha kazi akaenda mlangoni kutema mate, akavuta hewa ya nje, akarudi. Alininyoosha shingo kwenye beseni, akamwaga maji ya chumvi ya vuguvugu, na kwa kibano cha mwanae cha nyusi akawatoa wale wadudu mmojammoja. Sikusikia uchungu hata kidogo, kwa kuwa upande ule ulikuwa ganzi. Nilisikia tu maji yakitiririka na pumzi yake nzito ndani ya kitambaa.

Nikamwambia, macho yakiwa bado yamefungwa, kwamba aniachie nife, nanuka mno.

“Unanuka, ni kweli,” alisema. “Bwana yangu nilimuosha akiwa amekufa, na hakunijibu. Weye uko nanijibu. Nyamaza sasa, nimalize.”

Alinifunga kwa kitambaa safi cha meza, akaenda kuomba gari kwa jirani. Jirani alitupeleka hospitali ya mjini na vioo vyote vimeshushwa, ingawa mvua ilikuwa inaingia ndani. Sikumlaumu. Daktari wa pale alikata ngozi yote nyeusi, akasema ni ile nyama iliyochomwa na mionzi, haina damu ya kutosha, ndiyo maana imekufa. Aliniachia shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, akalishindilia gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, akasema lifungwe kila siku na mtu mwenye moyo. Aliuliza ni nani. Mama mkwe akasema kutoka nyuma yangu, akitazama ukuta, kwamba yupo.

Ikawa hivyo kwa majuma mengi. Asubuhi, mke wangu akishaondoka, mama mkwe alikohoa mlangoni, nikafunga macho, akaingia. Alichomoa gozi ya jana iliyokuwa nzito na ya kijani, akaitupa kwenye ndoo yenye majivu, akaosha, akashindilia mpya. Nilichukia mikono yake kwa sababu ilinijua kuliko nilivyotaka kujulikana. Nilichukia kikohozi chake cha mlangoni. Kuna siku nilichukia hata wema wake, na nikalala na ndoto za kupona ili tu asiniguse tena.

Shangazi ya mke wangu alisikia, akaja mbio. Alikaa uani akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba ni mwiko, kwamba mama hawezi kushika mwili wa mkwe, na mtoto aliye tumboni ndiye atakayelipa. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia ndoo iko pale, na maji yamechemka, aingie anifunge yeye, kwa kuwa yeye si mama mkwe. Shangazi aliinuka kutazama, akafika penye pazia, harufu ikamkuta. Akasema atarudi kesho. Alirudi siku ya ubatizo wa mtoto, ambaye alizaliwa mzima, mwenye sauti kubwa.

Kidonda kilifunga kutoka chini kuja juu, kwa nyama nyekundu yenye vipelepele iliyonitia kinyaa kipya, halafu kwa ngozi nyembamba inayong'aa. Familia yangu ilimpelekea mama mkwe kuku na kitenge cha kuondoa haya, kama inavyotakiwa. Alivipokea. Baada ya hapo alirudi kuketi akinipa ubavu, akasalimia ukuta, nami nikarudi kushuka barabarani akipita. Mke wangu alirudi kitandani kwetu, akachagua upande wa kulia. Sasa nafundisha tena. Ubaoni naandika juu kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto haupandi zaidi ya bega, na ndevu za upande ule nazinyoa kwa kutazama kioo, maana nikijikata sijui mpaka nione damu kwenye kola.

Mwaka huu alikuja kwangu mtu kutoka Kambove, mchimbaji, bado kijana, mwenye uvimbe shingoni na mionzi imeshamchoma. Daktari amemchorea mstari wake. Aliambiwa huku Panda kuna mwalimu aliyepitia. Alitaka kujua atarajie nini. Mke wangu alimpa chai, nami nikamweleza yote, mipira na chupa, karanga, ganzi, weusi, funza. Niliona kikombe kimeganda mkononi mwake. Nilimwambia asikubali bandeji moja ikae, asiogope kurudi hospitali kwa sababu ya aibu, na atafute mapema mtu atakayeweza kumtazama. Aliuliza kama inauma sana. Nikamjibu kwamba maumivu ni madogo, dawa inayaweza. Kinyaa ndicho kikubwa, na hicho hakina dawa.

Alikiweka kikombe chini.

“Na kile kinyaa kinaisha, mwalimu?”

Nilitaka kumdanganya, kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Nikamwambia kwamba naishi vizuri, nakula, nimemshika mtoto wangu wa mwisho. Nikamwambia pia kwamba kila asubuhi, nikimaliza kujifuta shingo, nainusa taulo kabla ya kuitundika.