Maziwa ya Wachina

Episodi ya mwisho ilipoanza, kitu cha kwanza alichokitafuta Emérita kwenye televizyo hakikuwepo. Maua yalikuwepo, yakidondoka kwa wingi mahali pasipo na mti hata mmoja. Prensi alikuwepo, kanzu tano mwilini, nywele zimefika kiunoni na hazijawahi kuonja vumbi. Lakini chini ya picha, pale ambapo kila Jumapili palikuwa na mistari miwili ya Kifaransa, palikuwa patupu.

Emérita aliwageukia watu. Mbele yake, juu ya mabanchi ya ukumbi wa sinema wa Mama Généreuse, watu zaidi ya mia walikuwa wamebanana, miguu ya huyu kwenye sketi ya yule, wakimngojea aseme. Alimtupia Shyaka jicho. Shyaka ndiye aliyeileta ile flashi ya sinema kutoka Goma kwa pikipiki, ameificha ndani ya soksi, akaihamishia mguu mwingine mara nne kwenye vizuizi vya njiani. Sasa alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Kwenye banchi la kwanza, bidoni, dumu lake la maziwa, katikati ya miguu, alikaa Papa Kabera, baba yake Shyaka. Huyo hakutabasamu. Alikuja kusikiliza jibu.

Kazi ya Emérita pale Lushebere ilikuwa kusema. Wachina wanafungua midomo, yeye anasoma Kifaransa kwa macho na kukitoa kwa Kiswahili, sauti nene kwa wanaume, nyembamba kwa wanawake, na ya puani kwa matajiri. Alikuwa binti wa wakulima wa Nyabiondo, watu wa maharagwe na mihogo, na alisoma pedagogia, kozi ya ualimu, Goma miaka miwili kabla barabara na vita havijamrudisha nyumbani na nusu ya elimu. Nusu hiyo ilitosha. Majina ya Kichina yalipowachanganya watu aliyatupa yote: binti wa mpishi wa jumba la kifalme akamwita Thacienne, kijana aliyempenda akabaki Prensi, na mfalme, baba yake Prensi, akawa Mwami.

Sinema yenyewe ilikuwa na kasoro ambazo hata mbuzi angeziona. Thacienne alijibandika masharubu akaingia jeshini kama mwanamume, midomo imepakwa rangi nyekundu, na kwa episodi tisa hakuna jenerali hata mmoja aliyeshtuka. Alianguka kutoka juu ya paa mara sita, na mara sita Prensi alimdaka, wakazunguka hewani polepole mpaka mama mmoja wa kambi ya waliokimbia vita akasema angekuwa ameshasonga ugali. Vita vyao vilipiganwa na askari kumi na wawili, vikaisha kabla ya chakula. Katika jumba lenye watumishi mia tatu hakuna aliyeshika jembe, hakuna aliyekamua.

Lakini walikuja. Katekista alitangaza kwamba hayo ni mambo ya wapagani, kisha akawahi banchi la pili. Walikuja kwa sababu wale wawili walihitaji episodi kumi na tano ili washikane mikono, na siku waliposhikana, ukumbi mzima ulinyamaza kama Komunio. Walikuja kwa sababu nyumba za mle hazikuchomwa, na mtu akikimbia, anakimbia kwa mapenzi.

Papa Kabera, yeye, aliletwa na mvua. Jumapili ya kwanza, akitoka kuuza maziwa, alijibanza ndani na bidoni yake, akamwona Prensi akinyanyua kikombe kidogo cheupe. Papa Kabera hawavumilii walevi. Akashika fimbo yake.

"Banakunywa nini bale bantu?" akauliza kwa sauti.

Maandishi yalisema divai. Emérita aliona mgongo wa yule mzee ukigeuka, akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri chuoni.

"Maziwa, Papa."

Mzee akasimama. Akatazama tena. "Mu kile kikombe kidogo?"

"Iko maziwa ya nguvu, Papa. Banayaheshimu."

Papa Kabera akakaa. Jumapili kumi na nane hakuinuka.

Hapa ni lazima ujue kosa la Emérita, kwa maana bila hilo asingemjali mzee yeyote na bidoni yake. Miaka miwili nyuma Shyaka, aliyetaka kumwoa, alimpeleka kwao akasalimie. Mama Nyirabahire, mama yake Shyaka, alimpa maziwa yaliyoganda ndani ya inkongoro, kile kikombe chao cha mti, kwa mikono miwili. Emérita alikunywa mpaka nusu, akakiweka chini, akasema asante, ameshiba. Kwao Nyabiondo, mgeni anayeacha kidogo ni mgeni aliyelelewa vizuri. Anayelamba sahani ni yule aliyefukuzwa na njaa. Na kusema kweli, maziwa yale yalikuwa mazito, machachu, na yalikuwa yameanza kumrudi kooni. Lakini kwa wafugaji kama Papa Kabera, kuacha maziwa ni kuikataa nyumba; aliyaangalia yale yaliyobaki, akatoka nje. Kesho yake alisema mbele ya ukoo wote: yule aliyeacha maziwa haingii katika nyumba yake.

Basi Emérita akawatuma Wachina kwa mzee. Kuanzia episodi ya tano, Mwami akaanza kusema maneno ambayo hakuna Mchina aliyeyasikia. Maandishi yakisema "leteni farasi", Mwami wa Lushebere anaugua moyo kwa kumkatalia mwanawe binti wa mpishi. Papa Kabera aliinamisha kichwa, akasikiliza, akaanza kuja mapema ili apate banchi la mbele. Na Jumapili iliyopita, mlangoni, katekista akishuhudia, akapiga fimbo chini.

"Siku Mwami wa Bachina atamujibu mutoto wake, na mimi nitamujibu wangu."

Shyaka naye alikuwa amechoka kungoja. Kesho ya episodi hii ya mwisho, Jumatatu, kulikuwa na lori linaloshuka Walikale, na binamu aliyemtafutia kazi ya kubeba mizigo kwenye machimbo ya Bisie. Baba akikataa, anapanda. Emérita alimwambia wazi kwamba hatamfuata msituni akakae chini ya sheeting, turubai la plastiki, bila ndoa. Wote wawili walijua watu wangapi wa Lushebere waliingia kule kwa miezi mitatu, na wangapi walirudi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa juu ya ulimi wake, na televizyo haina maandishi.

"Sema basi!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Banasema nini?"

Prensi alikuwa amepiga magoti kwenye mvua. Mvua ilimnyeshea kila mahali isipokuwa kwenye nywele. Mwami alimpa mgongo, akiongea, akiongea.

"Mwami anasema..." Emérita alianza sauti nene, ikamkatika. Akakohoa. "Anasema: mutoto wangu, nilikukatalia miaka miwili. Sasa niko muzee. Simama. Nakubali."

Mwami akageuka, akampiga Prensi kofi ambalo hata betri ya televizyo ilitikisika.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Iko anakubali na mukono!" akasema kijana mmoja. Papa Kabera hakucheka. Alimwangalia Emérita, si televizyo.

"Iko furaha, Papa," alisema Emérita haraka. "Kwao baba akifurahi sana anapiga."

"Hm," alisema Papa Kabera.

Thacienne akatokea, bila masharubu, nguo nyeupe, uso umepakwa unga. Akapiga magoti pembeni ya Prensi. Wakaenda wote watatu mpaka mbele ya jiwe lililosimama, lenye alama zilizochongwa. Mwami akaishika kanzu yake, akatoa kikombe kidogo cheupe, akakijaza, akampa Thacienne kwa mikono miwili.

Emérita aliona njia imefunguka. Hakusubiri.

"Anamupa maziwa! Mwami anamupa maziwa mikono mbili! Amemukubali mu nyumba!"

Wamama wakapiga vigelegele. Katekista alijisahau akasema aleluya. Papa Kabera akavua kofia yake taratibu, akaiweka juu ya goti, na Shyaka pale mlangoni akafumba macho.

Thacienne akainua kikombe mpaka usawa wa paji la uso. Kisha akakipindua, akayamwaga yote chini.

Prensi naye akamwaga. Mwami naye akamwaga, kidogo kidogo, mstari mzima mbele ya jiwe, kama mtu anayemwagilia vitunguu.

Vigelegele vilikatika. Katika milima ile mtu anaweza kukuibia simu ukamsamehe. Lakini kumwaga maziwa chini, kwa makusudi, mbele ya baba mkwe, huku unatabasamu! Watoto wa wafugaji waliziba midomo. Hata wakulima, ambao hawana ng'ombe, walijua kwamba wameona jambo.

"Yampayinka!" aliapa Papa Kabera kwa ng'ombe wake. Akasimama. Mkono ukaenda kwenye bidoni.

Mama Généreuse, mwenye ukumbi, akamsogelea Emérita kutoka nyuma, akamnong'oneza: "Sema iko na sumu! Haraka!"

Emérita alifungua mdomo aseme sumu. Akaona mbele: kama ni sumu, basi Mwami alitaka kumuua bibi harusi, na jibu la Mwami ni hapana. Kama maziwa yameharibika, basi Mwami amemdharau, na jibu ni hapana. Kama Thacienne hakuyapenda, Mungu wangu, hilo ndilo baya kuliko yote. Akageuza uongo huu upande huu na upande ule, kila upande ulikuwa na lori la Walikale.

"Papa Kabera," alisema. Sauti yake mwenyewe, ile asiyoitumia mle ndani. "Ngoja kwanza. Siyo maziwa."

"Njo nini?"

"Iko pombe. Tangu siku ya kwanza iko pombe. Nilidanganya Papa juu asiondoke."

Kelele iliyofuata, acha tu. Katekista alisema alijua. Mtu wa nyuma alitaka kurudishiwa Jumapili kumi na nane za maisha yake. Papa Kabera aliinua fimbo, wakanyamaza.

"Na lile jiwe?"

"Nafikiri njo kaburi ya mama yake Prensi. Banamumwagia mama yao anayelala mule. Nafikiri, Papa. Leo hakuna maandishi. Sijui hata neno moja ya ile banasema."

"Hata ile ya 'nakubali'?"

"Hata ile."

Papa Kabera alisogea hatua moja. Shyaka alitoka mlangoni, akasimama katikati ya mabanchi, hajui amshike nani.

"Ile siku Mwami alisema," alianza mzee, polepole, "ya kwamba anasikia mutoto wake anakohoa nyuma ya ukuta, na hawezi kumuita, sababu alimukatalia mbele ya bantu na sasa hajui namna ya kurudi nyuma. Ile njo nani alisema?"

Emérita aliangalia miguu yake. "Njo mimi. Ile siku maandishi yalisema bafunge dirisha."

Mzee akaishusha fimbo, akaonekana ghafla kama mtu aliyevuliwa koti sokoni.

"Jumapili kumi na nane," alisema, "iko wewe ulikuwa unaniongelesha."

"Njo mimi, Papa."

"Mama Généreuse! Lete kikombe. Kikubwa."

Kililetwa kikombe cha plastiki, cha bluu, kile cha kunawia uso. Papa Kabera akafungua bidoni, akamimina. Maziwa yalitoka mazito, kwa mabonge, yakipiga pluk, pluk, mpaka ukingoni. Akakishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Haya haiko ya Bachina."

Emérita alipokea. Harufu ilimpanda puani. Akafumba macho, akaanza. Ukumbi ulisikia kila mmezo. Nyuma yake, ambako hakuna aliyeangalia tena, Prensi na Thacienne walikuwa wanazunguka hewani katika maua yao, kwa mara ya saba.

Alipofika nusu, akasimama.

Ilikuwa nusu ileile. Machozi yalimtoka, bonge moja likagoma kooni, na kikombe kikashuka kidogo, upana wa kidole. Kofia ya pikipiki ilimponyoka Shyaka, ikagonga chini, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya katekista, na hakuna aliyeiokota.

Emérita akavuta hewa kwa pua, akainua kikombe tena. Akanywa. Akanywa mpaka uso wake ukapotelea mle ndani na ikabaki sauti tu, kama ndama. Alipokitoa, kitone kimoja kilikuwa kinateleza nje ya ukingo, kikitafuta kuanguka. Watu wote waliinama. Akakidaka kwa kidole, akakilamba.

Mama mmoja akatoa kigelegele kimoja kidogo, kisha akaogopa akaacha.

Papa Kabera alichukua kikombe, akachungulia ndani, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia tena. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Kesho hauende Walikale. Nani atabeba maziwa?"

"Papa..."

"Nyamaza. Na wewe," akamwambia Emérita, "ambia baba yako nitapanda Nyabiondo siku ya Alhamisi. Na yeye aongee na kinywa yake. Yako nimeisikia ya kutosha."

Emérita aliitikia kwa kichwa.

Mzee akafunga bidoni, akavaa kofia, kila mtu akadhani anatoka. Akakaa. Akapapasa banchi pembeni yake mpaka Emérita akaja akaketi, mkono mdomoni.

"Mama Généreuse," alisema Papa Kabera, "rudisha nyuma. Pale pa kofi. Leo tusikilize benyewe."